Butembo ao Beni? Anayetafuta pa kukaa anauliza bei ya nyumba, usalama, na jirani yake ni nani

Tangu mji wa Goma uanguke mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, swali moja linazunguka katika familia nyingi za Kivu ya Kaskazini: tukae wapi? Wafanyakazi wa serikali walifuata uongozi wa jimbo, uliohamia Beni. Wafanyabiashara waliangalia upande wa Butembo, kwenye madepo makubwa. Wakulima wa kusini mwa Lubero walikuwa wamekwisha kutangulia. Kanyabayonga ilianguka tarehe 28 Juni 2024, Kirumba ikafuata muda mfupi baadaye, na watu wakashika barabara ya kaskazini na magodoro kichwani, watoto mgongoni.

Butembo na Beni zimeachana kwa kilometa 54 tu kwenye barabara ya taifa nambari 2. Zote mbili zilipewa cheo cha mji mwaka 2003. Zote mbili ziko ndani ya diosezi moja ya Kikatoliki, ile ya Butembo-Beni. Anayezitazama kwenye ramani anaweza kudhani ni mji mmoja wenye vichwa viwili. Lakini anayetafuta nyumba anajua kwamba hazifanani.

Mbele ya kulipa garanti, kila familia inauliza mambo yaleyale: nyumba ni bei gani, shule iko mbali kiasi gani, maji yanafika, usiku watu wanalala? Halafu kuna swali lingine, ambalo halisemwi kwa sauti kubwa. Katika avenyu ile wanakaa watu gani? Wanasema lugha gani? Kama mimi si Mnande, watanipokea? Na kama mimi ni Mnande, hao wageni wanaopanga karibu yangu ni nani?

Swali hilo si la Kongo peke yake. Wakongomani waliopelekwa Marekani kama wakimbizi wanaliuliza kila siku katika miji midogo ya kule. Ila huku kwetu, jibu lake linaweza kumpa mtu ujirani mwema, ao kumtia katika hatari.

Mji wa watu wa nyumba moja

Butembo iko juu, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700. Baridi yake inajulikana, na udongo mwekundu wa barabara zake pia. Ilianza kukua wakati wa ukoloni, wakati kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs ilipoweka kituo chake hapo miaka ya 1920. Baadaye madini yalirudi nyuma, biashara ikashika nafasi. Kahawa, mboga na viazi vya Lubero vilitoka. Nguo, pikipiki, mabati na dawa viliingia. Wafanyabiashara wa Butembo walijifunza njia ya Kampala, Mombasa, Dubai, na mwishowe Guangzhou, mbele hata serikali haijawatengenezea barabara nzuri ya kutokea mjini kwao.

Katika komini zake nne, Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, Wanande ndio karibu mji mzima. Wengine wanajiita Wayira, jina linalowaunganisha na ndugu zao Wakonzo wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kasese. Sokoni, bei inatajwa kwa Kinande kwanza, Kiswahili kinafuata mgeni anapofungua mdomo. Kinande kinasikika mazishini, harusini na kwenye mikutano ya avenyu.

Umoja huo ndio ulioujenga mji. Kwa miaka mingi, wakati serikali ilikuwa mbali ao haina kitu, wakaaji walijichangia wenyewe. Barabara zilitengenezwa kwa michango na kwa mikono. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG, kilianzishwa mwaka 1989 kwa msukumo wa askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza diosezi kuanzia mwaka 1966 hadi alipotumwa Bukavu mwaka 1997. Mkopo wa biashara ulitolewa kwa neno tu, kwa sababu mkopaji alijulikana, baba yake alijulikana, na parokia yake pia. Mtu asiyelipa hakuwa na mahali pa kuficha uso.

Kwa familia ya Kinande inayotoka Kirumba ao Kayna, faida yake inaonekana siku ileile ya kufika. Wakimbizi wa ndani wengi wa Beni na Lubero hawakai katika kambi kama zile zilizokuwa kando ya Goma. Wanapokelewa na familia. Shangazi anatoa chumba. Mjomba anazungumza na mwalimu mkuu wa shule. Mtu wa kanisa anatafuta shamba la kulima kwa msimu mmoja. Nyumba ya watu sita inageuka ya watu kumi na wanne. Mzigo ni mkubwa, lakini hakuna anayeuliza ninyi ni nani.

Kwa familia ya Kihunde, ya Kinyanga, ya Kishi ao ya Kihutu, siku ya kufika ni nyingine. Hana shangazi hapo. Anaanza na hoteli ndogo ao kwa rafiki wa kazi. Anatafuta mshenga wa nyumba, yule komisionere, anamlipa. Anasikia watu wakicheka sokoni na hajui kama wanamcheka yeye. Wengi wanaomaliza mwaka wanasimulia kwamba watu wa Butembo si wabaya. Ni watu wa kazi, hawapendi maneno mengi, na mtu anayeamka mapema na kulipa deni lake anaheshimiwa. Lakini mpaka uelewe Kinande kidogo, unabaki mlangoni.

Njia panda

Beni iko chini kidogo, kwenye joto, karibu na msitu na milima ya Ruwenzori. Hapo barabara ya taifa nambari 2, inayotoka Goma na Butembo, inakutana na nambari 4, inayounganisha Kisangani na mpaka wa Kasindi. Anayesafiri kutoka Tshopo ao Ituri kwenda Uganda anapita Beni. Mji wa njia panda haukosi wageni.

Hapa pia Wanande ni wengi kuliko wengine wote. Lakini wilaya ya Beni yenyewe ina watu wa asili mbalimbali: Wambuba, Wapakombe, Watalinga kuelekea Kamango, na Wambuti wa msituni. Juu ya hao wanakuja wafanyabiashara Washi kutoka Bukavu, Walendu na Wahema waliokimbia vita vya Ituri, Walokele na watu wengine wa Kisangani, na familia za askari kutoka kila jimbo la nchi. Katika komini za Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori, Kiswahili ndicho lugha ya kwanza ya barabarani. Lingala kinasikika kila mahali penye jeshi. Na tangu mwaka 2007 kuna Chuo Kikuu cha Kikristo cha lugha mbili, UCBC, kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza.

Wakati jimbo liliwekwa chini ya hali ya dharura, Mei 2021, Beni ilikuwa imekwisha kuzoea askari. Wakati Goma ilianguka na gavana mpya, Jenerali Meja Évariste Somo Kakule, akaweka ofisi zake Beni, mji ulipokea watu wa aina nyingine: wakuu wa idara, makarani, mawakili, wafanyakazi wa mashirika, waandishi wa habari. Wengi wao si Wanande. Kwao Beni ilikuwa rahisi kuliko Butembo kwa jambo moja: hakuna aliyeshangaa kuwaona.

Lakini Beni ina kitu kinachomfanya mzazi afikiri mara mbili. Tangu Oktoba 2014, wilaya ya Beni imeona mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF, kundi lililotoka Uganda na kujificha msituni kwa miaka mingi. Mauaji ya Rwangoma, usiku wa tarehe 13 Agosti 2016, yalitokea pembeni mwa mji wenyewe. Kata za mashariki, upande wa Mayangose na Boikene, zimemwaga watu kuelekea katikati ya mji mara nyingi. Operesheni Shujaa, inayounganisha FARDC na jeshi la Uganda, ilianza tarehe 30 Novemba 2021. Sehemu za barabara ya Kasindi zilipata nafuu, lakini mauaji hayakwisha. Yalihama, mpaka yakafika katika vijiji vya Lubero na Mambasa.

Kwa hiyo hesabu ni ngumu. Mji ambao mgeni haulizwi sana kabila lake ndio mji ambao msitu uko karibu. Mji ambao msitu uko mbali zaidi ndio mji ambao mgeni anaonekana haraka.

Uso unapogeuka kitambulisho

Hofu ya mgeni haikutoka hewani. Watu waliona majirani wakichinjwa na hawakujua wauaji walipitia wapi, nani aliwaonyesha njia, nani aliwalisha. Katika hali kama hiyo, kila sura isiyojulikana inaulizwa. Wakuu wa avenyu wanataka kujua nani amelala nyumba gani. Vijana wanalinda zamu. Mara nyingi hilo linaokoa watu, lakini mara nyingine linaangukia mtu asiye na kosa.

Miaka ya 2015 na 2016, familia za Wahutu zilizotoka Masisi na Rutshuru zikitafuta ardhi kusini mwa Irumu, katika Ituri, zilipita Lubero, Butembo na Beni kwa magari. Baadhi ya vijana walifunga njia, wakisema watu hao hawajulikani wanakotoka. Wakati huohuo kusini mwa Lubero damu ilikuwa ikimwagika pande zote. Tarehe 7 Januari 2016, raia zaidi ya kumi, wengi wao Wanande, waliuawa Miriki katika shambulio lililohusishwa na FDLR. Tarehe 27 Novemba mwaka huohuo, wapiganaji wa Mai-Mai walishambulia kambi ya wakimbizi wa ndani Wahutu huko Luhanga, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Anayehesabu wafu wa upande mmoja tu hawezi kuelewa kwa nini mpaka leo jina la mtu linasomwa mara mbili kwenye kizuizi cha barabara.

Ebola nayo iliacha fundisho. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia upande wa Mangina, na ulimalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Katwa na Butembo zilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Timu za kwanza zilikuja na magari mengi, watu wa Kinshasa na wa nje, lugha za nje. Uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa katika Beni na Butembo kwa sababu zilizotajwa kuwa usalama na Ebola, na wengi wakaona ugonjwa kama mpango wa kuwanyima kura. Vituo vya matibabu vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, daktari Mkameruni wa shirika la afya duniani, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu cha Graben, Butembo. Alikuwa amekuja kutibu.

Mambo yalianza kubadilika wakati wahudumu wa mtaa wenyewe, wanaojua Kinande na kujulikana kwa majina, walipowekwa mbele. Wakaaji wa Butembo walikuwa wanataka dawa tangu mwanzo. Walichokuwa wanakosa ni mtu wanayemjua wa kuwahakikishia wale wasiowajua. Mpangaji mpya anayegonga mlango wa mwenye nyumba bila mtu wa kumsindikiza yuko katika hali hiyohiyo.

Sheria inasema nini

Katika maandishi, jambo hili limekwisha kukatwa. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye ndani ya nchi haki ya kuzunguka na kuweka makao anapotaka. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani kwa sababu ya kabila, lugha ao mahali anapokaa. Mbele ya hapo, tangu tarehe 7 Juni 1966, kuna sheria inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Kuhusu nyumba, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha inaweka mpaka wa garanti kwa nyumba ya kuishi: isipite miezi mitatu.

Katika avenyu, maandishi hayo yanajulikana kidogo. Kuna wenye nyumba wanaodai miezi sita kwa mgeni kwa sababu wanajua hana pa kwenda. Kuna wanaosema nyumba imekwisha kupata mtu, na kesho yake bado iko wazi. Ni vigumu kwa mtu aliyekimbia vita kwenda kushitaki juu ya chumba kimoja. Anachukua watoto wake, anatafuta kwingine.

Ardhi ni jambo jingine. Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya serikali. Lakini katika vijiji vya Beni na Lubero, anayetaka shamba anapitia kwa mwenye ardhi wa kimila, na anatoa muhako, haki ya kila msimu inayotambua nani ni mwenyeji. Kwa Mnande aliyehama kutoka Lubero, palipobanana, kwenda Mangina ao Oicha, njia hiyo inajulikana. Kwa mgeni wa kabila jingine inaweza kufunguka pia, lakini anatakiwa mtu wa kumsindikiza. Ndiyo sababu mgeni asiye na mlango wa shamba anabaki mjini, kwenye butiki ndogo, pikipiki ya kukodi, ao kazi ya mikono.

Huko Boise na Portland, ni sisi wageni

Ili kuelewa uzito wa swali hili, inatosha kuwasikiliza jamaa walioko Marekani. Mwaka 2012, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, lilitangaza mpango wa kuwapeleka nchi za tatu Wakongomani wapatao 50,000 waliokuwa Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Wengi walifika Marekani. Katika mwaka wa bajeti wa 2023, Wakongomani ndio walikuwa kundi kubwa kuliko mengine yote ya wakimbizi waliopokelewa kule, zaidi ya 18,000. Januari 2025 serikali mpya ya Washington ilisimamisha mpango huo, na familia zilizokuwa zimekwisha kuuza vitu vyao kambini zikabaki zinangoja.

Walioingia hawakwenda wote New York ao Chicago. Mashirika ya kupokea wakimbizi ndiyo yanayochagua mji wa kwanza, mara nyingi mji mdogo wenye nyumba za bei nafuu na viwanda vinavyotafuta wafanyakazi. Mwenye ndugu kule anaweza kuwekwa karibu naye. Kwa hiyo Kiswahili cha Kivu kinasikika leo Boise katika Idaho, Bowling Green katika Kentucky, Cedar Rapids na Iowa City katika Iowa. Katika Maine, jimbo ambalo zaidi ya watu tisa kwa kumi ni weupe, mji wa Portland ulifungua jumba lake la michezo mwaka 2019 ili kulaza mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola.

Msaada wa kwanza wa serikali kwa mkimbizi unahesabiwa kwa siku 90. Baada ya hapo anajitegemea, na ana ruhusa ya kuhama. Hapo ndipo simu zinaanza kupigwa kutoka mji hadi mji. Kuna kanisa la Kiswahili? Kuna duka linalouza unga wa muhogo na sombe? Watoto wetu watakuwa weusi peke yao darasani? Polisi wanawatazamaje? Wapo wanaochagua mji mkubwa wenye watu wa rangi zote ili wasionekane. Wapo wanaobaki katika mji mdogo wa watu weupe kwa sababu kazi ipo, usiku ni kimya, na mwalimu anamjua mtoto kwa jina. Marekani nayo ina sheria: tangu mwaka 1968 ni kosa kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi ao nchi alikotoka. Kama huku, sheria inasaidia yule anayeijua na mwenye nguvu ya kuifuata.

Mtu wa Butembo aliyezoea kuwa katika wengi, akifika kule, ndiye anayegeuka kuwa mmoja kati ya elfu. Anajifunza kusalimia kwa lugha isiyo yake. Anamshukuru jirani aliyemwonyesha namna ya kutupa takataka na siku ya kuzitoa nje. Mara nyingi ndiye huyohuyo anayetuma pesa za kumalizia nyumba ya kupangisha huku nyumbani. Ni haki basi kuuliza nyumba hiyo itapangishwa kwa nani.

Kinachosaidia

Katika miji yote miwili kuna milango inayofunguka haraka kuliko mingine. Wa kwanza ni shule. Mtoto aliyetoka Goma akikaa miezi mitatu darasani Butembo, anarudi nyumbani anasema Kinande kuliko mzazi wake. Wa pili ni kanisa na msikiti. Parokia zenye misa ya Kiswahili, CBCA na makanisa mengine yanampa mgeni kiti mbele hajapata kazi. Wa tatu ni likelemba: mama anayeingia katika kikundi cha kuchangiana sokoni anapata mashahidi kumi wa tabia yake. Wa nne ni shefu wa kata. Familia inayojitambulisha kwake siku ya kwanza, na makaratasi yake, inajiokoa na maswali mengi ya usiku.

Vyama vya kikabila pia vina kazi. Kyaghanda ya Wanande, pamoja na vyama vya Wahunde, Wanyanga, Washi, Wahutu na wengine, vilianzishwa ili kusaidiana katika ugonjwa na matanga. Katika siku mbaya vinaweza kugeuka kuta. Katika siku nzuri ndivyo vinavyoweza kuitana mbele ya uvumi kuwa moto. Kivu ya Kaskazini ilijua hilo tangu mwaka 1998, wakati Baraza la Jamii Mbalimbali lilipoanzishwa ili wazee wa makabila wakae meza moja. Halikuzuia vita vyote. Lakini mahali ambapo wazee wanaongea, kijana anayetaka kuchoma nyumba ya jirani anapata angalau mtu mmoja wa kumkataza.

Miji yenyewe ina cha kupata. Butembo iliyopokea wafanyabiashara wa Goma imepata wateja na ujuzi wa masoko mengine. Beni iliyopokea ofisi za jimbo imeona nyumba zake zikijaa, ingawa mpangaji wa zamani, mkaaji wa Beni mwenyewe, anaumia bei ikipanda. Mbele ya hapo, Juni 2021, marais Tshisekedi na Museveni walizindua huko Mpondwe na Kasindi mradi wa barabara wa kilometa 223, ikiwemo njia ya Kasindi-Beni na ile ya Beni-Butembo. Barabara nzuri haimchagui wa kumpitisha. Miji miwili iliyo juu yake itazidi kupata watu wasiozaliwa hapo, vita viwepo ao visiwepo.

Kwa familia inayopaswa kuamua mwezi huu, wanaojua miji hii wanatoa mashauri yaleyale. Usichague mji kwa sifa zake, chagua avenyu. Kaa wiki moja kwa mtu unayemjua mbele ya kutoa garanti. Uliza umbali wa shule na kituo cha afya, na upande gani watu wanakimbilia wakisikia risasi. Ongea na majirani watatu, si mwenye nyumba peke yake. Andikisha mkataba, hesabu miezi mitatu, dai risiti. Na lugha ya pale, jifunze maneno ya kwanza kumi kabla ya mzigo kushuka garini.

Kwa wenyeji, shauri liko katika methali ambayo kila mtu hapa anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi inatumiwa kumwambia mgeni afanye kazi. Lakini inamtaka pia mwenyeji atoe jembe, pamoja na mahali pa kulima. Katika Butembo na Beni, familia zilizofika tangu Juni 2024 zimekwisha kupita siku ya tatu zamani. Watoto wao wamo madarasani, wengine wamezaliwa hapohapo, na kwenye karatasi zao za kuzaliwa, mahali pa kuandika mji pameandikwa Butembo ao Beni.